Friji ya Moshi

Damascène na mkewe Christella waliingia Kigali mwezi wa nane wa mwaka tisini na nne, wakiwa juu ya lori lililopakia magodoro, masufuria na watu walioimba mpaka mpakani, kisha wakanyamaza. Wote wawili walizaliwa Bujumbura, kwa wazazi waliokimbia Rwanda zamani, na nchi hii walikuwa wakiijua kwa masimulizi tu. Walisimuliwa vilima, maziwa na shamba la babu. Walichokikuta ni barabara tupu na nyumba zilizong'olewa milango.

Mwanajeshi aliyekuwa kwenye njia panda ya Kicukiro aliwaambia watafute nyumba yenye paa. Waliipata Niboye, upande unaotazamana na kilima cha Rebero: vyumba vitatu, jiko la nje, na uani miti miwili, mpera na mparachichi. Vioo vya madirisha vilikuwa vimevunjwa. Hawakuuliza nyumba ni ya nani. Siku zile swali hilo watu walilizunguka kama wanavyozunguka shimo la barabarani.

Damascène alikuwa fundi umeme. Alipata kazi kwenye kikosi kilichokuwa kikirudisha nyaya za umeme mjini, na mshahara wake, miezi ile ya mwanzo, ulikuwa maharage, mchele na mafuta ya kupikia. Christella alikuwa na kazi yake ya mikono. Kule Bujumbura alikuwa akikausha samaki kwa moshi kando ya ziwa na kuwauzia wenye baa. Kigali hakuna aliyetaka samaki. Mito ilikuwa imebeba maiti mwaka ule, na kila mtu alijua mito inaishia wapi. Christella hakubishana na wateja. Aligeukia nyama ya ng'ombe. Wenzao waliorudi kutoka Uganda walikuwa wameingia na mifugo yao, nyama ilikuwa tele, na friji zinazofanya kazi zilikuwa za kuhesabika. Nyama iliyopigwa moshi ilikaa bila kuharibika.

Alipata pipa la mafuta, Damascène akalikata katikati, wakaweka wavu wa chuma juu na kuni za mkaratusi chini. Moshi ulijaa uani kuanzia asubuhi. Mteja wao mkubwa alikuwa Kellen, mwanamke aliyekulia Mbarara, aliyefungua baa Remera hata kabla ya kupata viti vya kutosha. Alikuja na pikapu yake, akacheka kwa sauti, akapakia mbavu na kuondoka. Kwa mara ya kwanza tangu wafike, Christella alianza kusema "mwezi ujao" bila kusitasita.

Asubuhi moja mwezi wa kumi, mwanamke wa makamo alisimama getini. Alikuwa amevaa koti la kiume na viatu visivyolingana. Aliamkia kwa Kinyarwanda, akaomba maji ya kunywa.

Damascène aliingia ndani kutafuta kikombe. Alipotoka, mwanamke hakuwepo getini. Alikuwa ameshazunguka nyuma ya nyumba, mpaka kwenye bomba la maji. Bomba lile lilikuwa na ubovu wake: ilibidi mpini uinuliwe kwanza ndipo uzungushwe, na Damascène mwenyewe alikuwa amehangaika nalo siku nyingi kabla hajajua. Mwanamke aliuinua kwa kidole kimoja, huku anatazama pembeni, akakinga kiganja, akanywa.

Christella alikuwa amesimama mlangoni. "Ndiye mwenye nyumba," alisema kwa sauti ya chini.

"Labda alikuwa mfanyakazi hapa," Damascène alijibu. Hata yeye hakuamini aliyoyasema.

Mwanamke alirudi mbele, akaketi kwenye kizingiti. Hakudai chochote. Alisema jina lake ni Kabagwira, na kwamba alikuwa anatokea upande wa Butare, kwa miguu sehemu kubwa ya njia.

Jirani wao, Rugamba, aliyekulia Tanzania na ambaye naye aliishi nyumba ya pili bila kuuliza ni ya nani, alimwita Damascène kwenye uzio.

"Ndugu yangu, usijikoroge," alisema. "Ukimkubali huyu, kesho unalala nje. Sema humjui. Nani atamtolea ushahidi? Majirani zake wako wapi?"

Damascène aliondoka pale uzioni. Alikwenda kazini, akashinda juu ya nguzo ya umeme, na mchana kutwa alikuwa akipanga maneno. Angemwambia mama yule kwamba wao ndio walioziba matundu ya paa. Kwamba waliweka vioo. Kwamba na wao walikuwa hawana pa kurudi, kwani Bujumbura nako tangu mwaka uliopita watu walikuwa wakichinjana. Yote yalikuwa kweli, na aliyapanga vizuri, hoja juu ya hoja, kama anayekwenda mahakamani.

Aliporudi jioni, alikuta kitanda chao kimehamishiwa sebuleni. Chumba kikubwa kilikuwa kimepigwa deki. Kabagwira alikuwa amelala humo, mlango wazi, viatu miguuni.

"Nimempa chumba chake," Christella alisema, akaendelea kukata vitunguu.

Hakuna aliyemuuliza Damascène maoni yake. Aliona haya kidogo, na chini ya ile haya aliona pia kwamba mzigo aliokuwa ameubeba kutwa ulikuwa umeshatuliwa na mtu mwingine.

Waliishi hivyo. Kabagwira hakuwa mtu wa maneno. Alifagia, aliosha vyombo, alipanga sahani kwenye kabati kwa mpango wake wa zamani, na Christella akaufuata mpango huo. Mumewe, Jean-Berchmans, alikuwa ameuawa mwezi wa nne, na watoto pia. Alilisema hilo mara moja tu, mezani, kisha akaomba chumvi.

Siku Christella alipowasha pipa tena, Kabagwira alitoka nje ya geti, akaenda. Walimkuta jioni ameketi kando ya barabara kuu ya Kicukiro. Alisema alikwenda kutembea. Mara ya pili ikawa vilevile. Mara ya tatu mvua ilikuwa inanyesha na hakutoka. Christella alikuwa anageuza mbavu juu ya wavu aliposikia kishindo ndani. Alimkuta Kabagwira ameanguka kwenye ujia, midomo imebadilika rangi. Hakuwa na homa, hakuwa na kifafa. Alimwagiwa maji usoni, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayeibuka kutoka kisimani.

Alipoweza kuketi, alieleza, na alieleza kwa utaratibu, kama anayemwelekeza mtu njia. Jirani mmoja wa dada yake kule Butare, Daphrose, alikuwa amemficha juu ya jiko lake la nje, kwenye dari ya mianzi ambako watu huhifadhi mahindi. Daphrose alikuwa akiwasha moto kutwa nzima na kutia kuni mbichi makusudi, ili yeyote atakayeingia kusaka atazame juu, aone moshi mzito, aseme hapo hawezi kukaa mtu. Na waliingia. Waliingia mara nyingi. Walisimama chini yake wakiongea, wengine wakaomba chakula. Yeye juu hakutakiwa kufanya jambo lolote ila moja: asikohoe.

"Kwa hiyo nikiusikia moshi nafunga pumzi," alisema. "Sifanyi kusudi, mwanangu. Inajifunga yenyewe."

"Na Daphrose yuko wapi?"

"Alikwenda Zaire na watu wote. Sijui kama yuko hai."

Jioni ile Christella alimwaga maji kwenye pipa. Alimwambia mumewe kwamba kazi ya moshi imekwisha. Atatafuta kingine, labda ushonaji. Damascène alimtazama. Alijua mkewe hajui kushona hata kifungo.

Wazo lilimjia siku iliyofuata, na halikuwa wazo la huruma, lilikuwa la fundi. Alilitazama pipa likiwa limelala tupu, akaona ujinga wake. Moto mkubwa, kuni nyingi, na moshi karibu wote unakwenda mbinguni. Nyama inaupata ule unaopita tu. Alikumbuka bucha moja ya Mbelgiji kule Bujumbura. Mbelgiji alikuwa na kabati la chuma la kupigia nyama moshi, na moshi wenyewe ulitengenezwa pembeni, kwenye kisanduku cha umeme, ukaletwa kwa bomba. Hakukuwa na moto wa kuonekana. Ungeweza kusimama kando ya kabati lile na suti yako ya harusi. Damascène aliwahi kuitwa kubadilisha feni ya kile kisanduku. Aliibadilisha, akachukua ujira wake, hakuuliza kinafanyaje kazi.

Kabati halikuwa tatizo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na friji nyeupe iliyolazwa ubavu. Waporaji walikuwa wameng'oa mota na mabomba ya shaba, na mlango wake ulikuwa na tundu la risasi. Kuku wa Rugamba alikuwa anatagia ndani. Damascène alikwenda kwa Kabagwira, akasimama kama mwanafunzi.

"Mama, ile friji. Ni yako?"

"Ya Jean-Berchmans. Aliileta kwa lori kutoka Mombasa. Alijivuna nayo mno."

"Ningependa kuitumia."

"Haina mota."

"Siitaki ipoze."

Alimwambia anachotaka kuifanyia, moshi na yote, kwa kuwa aliona si haki kumficha. "Mfukuze kuku kwanza," Kabagwira alisema.

Kazi ilianza. Alichukua pasi iliyoungua kamba, akaifungua, akatoa ule waya wa ndani unaopashwa moto na umeme, ambao mafundi wa Bujumbura huuita rezistansi. Akaufunga chini ya kopo kubwa la maziwa ya unga, akajaza vumbi la mbao juu yake, akaunganisha kopo na friji kwa kipande cha bomba. Akachomeka. Baada ya muda mfupi moshi mweupe ulianza kupita, mwembamba, mzuri kuutazama. Alimwita mkewe aje kuona. Christella alikuwa bado anafuta mikono kwa kanga pale vumbi liliposhika moto. Ulimi wa moto ulipita kwenye bomba ukaingia ndani ya friji, na plastiki ya ndani ikaanza kuyeyuka. Kipande cha nyama walichokuwa wamekiweka kwa majaribio walimpa mbwa wa Rugamba. Mbwa alikinusa, akaondoka.

Damascène alibandua plastiki yote, akaifunika friji kwa ndani kwa vipande vya bati. Tundu la risasi alilizibia kijiti cha mpera. Safari hii alizima rezistansi mapema, mara tu vumbi liliposhika, na ili lisizimike akaweka feni nyuma ya kopo. Feni ilitoka kwenye gari lililokuwa limetelekezwa barabarani, akaiendesha kwa betri ya gari hilohilo, kwa sababu umeme wa mjini ulikuwa unakuja na kwenda utakavyo. Feni ilipuliza vizuri. Vumbi likawaka tena, na majivu yakarushwa juu ya nyama kama unga wa ngano.

"Unaupulizia moto," Christella alisema, "halafu unashangaa unawaka."

Damascène alikasirika kidogo, kwa kuwa ilikuwa kweli. Alikaa chini na chai yake, akajaribu kukumbuka bucha ya Mbelgiji. Alikuwa amelala chali chini ya kile kisanduku. Taa ya mkono ilikuwa kushoto. Na feni aliyoifungua, skrubu nne zenye kutu... haikuwa nyuma ya kuni. Ilikuwa kando ya bomba. Haikuwa inapuliza moto hata kidogo. Ilikuwa inapuliza mdomoni mwa bomba, na upepo ule ukipita kwa kasi unauvuta moshi pamoja nao, kama gari linavyovuta vumbi la barabara nyuma yake. Moto wenyewe unaachiwa hewa kidogo tu, ya kuufanya uvute pumzi bila kuamka.

Akatoboa kopo matundu madogo ya msumari upande wa chini, akahamisha feni. Vumbi lilishika, akazima rezistansi, na halikuwaka. Liliungua polepole lenyewe, wekundu mdogo ukisogea kwa ndani, kama ubani kwenye chetezo cha padri. Moshi ukaingia ndani ya friji bila haraka.

Yalibaki mambo mengine, na kila moja lilikula siku zake. Moshi ulikuwa na lami ndani yake, nayo ilidondokea nyama. Alichukua bomba refu la kukingia maji ya mvua, akalilaza ukutani ili moshi upoe njiani, na kwenye kona akafunga chupa ya kupokea matone meusi. Vumbi nalo lilikuwa na maneno. Kicukiro kulikuwa na seremala aliyeshinda akitengeneza milango, kwa kuwa mji mzima haukuwa na milango, na vumbi alilitoa bure. Lakini gunia la kwanza lilikuwa la mbao kuukuu zilizopakwa vanishi. Christella alilinusa, akalitupa. La pili lilikuwa la msonobari, na nyama ikawa chungu kama kwinini. Mwishowe walikata matawi ya mpera wa uani, wakayakausha, seremala akayapasua kwa msumeno akawarudishia vumbi lake, naye akapewa mbavu. Christella alionja, akaonja tena. Damascène alijua maana ya kule kuonja mara ya pili.

Juu ya friji alifunga bomba jingine la kutolea moshi, likapanda mpaka juu ya paa. Ukisimama getini uliona uzi mwembamba tu wa kijivu. Uani hakukuwa na harufu, ila ukikaribia kabisa. Kabagwira alikaa chumbani kwake siku ya kwanza, Christella akiwa kando yake anachambua maharage na kumtazama kifua kwa kificho. Kifua kilipanda na kushuka. Siku ya pili Kabagwira alimwambia aache kumtazama, aende akafanye kazi zake.

Kisha Kellen akarudisha nyama. Alifika na pikapu, safari hii bila kicheko, akaweka beseni juu ya ngazi.

"Nyabo, mumenipa nini? Hii nyama iko mbichi! Wateja wameikata wakaona damu."

Christella aliitazama. Nje ilikuwa na rangi ya dhahabu, ndani nyekundu. Waliangaliana na mumewe. Pipa lilikuwa linapiga moshi na kupika papo hapo. Friji haikupika kitu. Moshi ulikuwa unafika umeshapoa. Walikuwa wamefurahia ubaridi wa moshi kiasi cha kusahau kwamba nyama inataka joto.

Damascène alianza kusema kuhusu kuongeza rezistansi ya pili ndani ya friji. Christella alimkatiza. Kwa samaki wakubwa wa ziwani, alisema, walikuwa hawategemei moto. Walikuwa wanatia chumvi siku kadhaa kwanza, wananing'iniza hadi wakauke, ndipo moshi. Na anayenunua anapika mwenyewe. Akamgeukia Kellen. "Nipe muda. Nitakuletea ya chumvi. Uikate nyembamba kama karatasi, uikaange na vitunguu. Wasipoipenda, sitakuomba tena."

Kellen alikubali bila furaha. Wiki iliyofuata, wateja wake wakiwa wameshaionja ya kwanza, aliituma pikapu kabla ya siku waliyopatana, na dereva akasema bibi anataka yote iliyopo, hata iliyo bado kwenye ndoana.

Ilikuwa Jumamosi, mchana, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, Kabagwira alipotoka chumbani akaja mpaka kwenye friji. Damascène alikuwa anabadilisha betri. Christella alikuwa anaosha ndoo. Kabagwira alisimama, akasikiliza feni ikiunguruma, akaweka kiganja kwenye mlango mweupe, karibu na kile kijiti cha mpera.

"Haina joto," alisema.

"Hapana, Mama. Moshi umepoa."

"Fungua nione."

"Nikifungua utatoka."

"Najua. Fungua."

Damascène alimtazama mkewe. Christella aliweka ndoo chini, akafuta mikono, akaja kusimama upande wa pili wa yule mama. Hakumshika. Damascène alifungua.

Moshi haukuruka. Ulimwagika polepole juu ya ukingo wa friji, ukashuka, ukawazunguka miguuni na kupanda. Damascène aliona jambo lile aliloelezwa lakini hajawahi kuliona: mdomo wa Kabagwira ulifunga, shingo ikakaza, macho yakatazama mbele bila kupepesa. Alisimama hivyo kama mtu aliyeambiwa asisogee.

Ndipo Christella akakohoa. Moshi ulikuwa umemwingia kooni na alikohoa kwa nguvu, bila adabu, akiinama na kujipiga kifua. Kuku walikurupuka kwa Rugamba. Kabagwira aligeuka akamtazama kwa hofu, kisha akatazama geti, kisha uzio, kisha geti tena. Geti lilikuwa limefungwa. Barabarani alipita mtu na baiskeli, akaendelea na safari yake. Christella alikohoa tena.

Kabagwira akakohoa. Kilianza kikohozi kidogo, cha kuulizia, halafu kikaja kikubwa, halafu vikafuatana mpaka akashika mlango wa friji asianguke. Alikohoa muda mrefu. Machozi yalimtoka, kamasi zilimtoka, alitema mate chini akakohoa tena. Rugamba alichungulia juu ya uzio, akauliza kama kuna mgonjwa, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumjibu.

Ilipokwisha, Kabagwira alijifuta kwa ncha ya kitenge. "Funga mlango," alimwambia Damascène kwa sauti iliyokwaruza. "Unapoteza moshi wa watu."

Hilo halikumponya. Jirani akichoma takataka alikuwa bado anatoka kwenda kutembea, na usiku mwingine walimsikia akipita huku na huku chumbani. Ila kwenye friji alizoea kuja. Alikuwa akija na kigoda chake, anakaa, anakohoa kidogo, anaondoka.

Katikati ya mwezi, konseye, kiongozi wa serikali wa mtaa, alipita akiandika nani anaishi wapi. Walikuwa nje wote, na Rugamba alikuwa amekuja kuazima koleo. Konseye alimuuliza Damascène, kwa kuwa ndiye mwanamume: "Nyumba hii ni ya nani?"

Rugamba alimtazama Damascène kwa namna ya kumkumbusha. Damascène aliiona ile sura, na aliona pia kwamba hakuwa ameandaa maneno yoyote safari hii.

"Ni ya huyu mama, Kabagwira," alisema. "Sisi ni wageni wake."

"Mna hati?"

"Yeye ndiye anayejua jinsi bomba la maji linavyofunguliwa," alisema Damascène. Konseye hakuelewa, lakini aliandika. Rugamba alichukua koleo akaenda bila kuaga, na kwa muda wa wiki nzima hawakusalimiana.

Siku chache kabla ya Noeli, Kabagwira alipata habari kwamba binti wa dada yake, Kaliza, yuko hai, kwenye kituo cha watoto huko Butare. Alikwenda akamchukua. Alikuwa binti wa miaka kumi na kitu hivi, mrefu, asiyependa mlango ufungwe. Nyumba ikawa na watu wanne, na Christella, bila kuambiwa na mtu, akaanza kuulizia vyumba vya kupanga. Kellen ndiye aliyewapatia: viwili, Kimironko, kwa mama mmoja mjane aliyetaka watu waaminifu.

"Mnanikimbia," Kabagwira alisema.

"Tunahama, Mama. Kukimbia tunakujua, hakufanani na huku," Christella alijibu, na wote wawili wakacheka kidogo.

Damascène alifungua nyaya, akakusanya kopo, feni, bomba refu na chupa ya lami. Friji aliiacha ilipokuwa. Kabagwira alipoona imeachwa, alitoka nje na mikono kiunoni.

"Na hili nilifanyie nini? Limejaa moshi, halina mota, lina tundu. Ondoka nalo."

"Lilikuwa la mzee."

"Mzee alinunua friji aweke bia. Wewe uliigeuza. Lipakie."

Walilipakia kwenye pikapu ya Kellen, wakafunga mlango kwa kamba. Kaliza alishika upande mmoja bila kuombwa. Hawakuagana sana. Kabagwira alimpa Christella masufuria mawili na matawi makavu ya mpera yaliyofungwa mzigo, akasema atakuja Jumapili moja, baada ya misa, akiona mwili unataka.

Kimironko hakukuwa na umeme siku ile, wala ya pili yake. Damascène aliisimamisha friji chini ya paa la nyuma, akapima ukuta kwa mikono, akaamua bomba lipite wapi. Mwenye nyumba mpya alisimama akatazama, akauliza kama wanauza maziwa baridi. Christella alikuwa ameshawasha mkaa kwenye jiko dogo na kukata vipande vya mwisho vya nyama, vyembamba, pamoja na kitunguu. "Njoo kwanza ule, Mama," alimwambia. "Tutakueleza."